Modeli Ikitoa Majibu ya Ajabu: Dalili, Sababu na Pa Kuanzia

Wanaokuja kwangu hapa Kigoma mjini na kompyuta begani hawafanani kwa fani. Mmoja anachunguza dagaa, mwingine malaria, mwingine ufaulu wa hisabati shule za msingi, mwingine mavuno ya mahindi Kasulu. Mara mojamoja anakuja mtu wa historia mwenye hesabu za mizigo ya reli alizonakili kwa mkono. Kinachofanana ni sentensi ya kwanza: "Mwalimu, modeli imegoma," yaani ile hesabu ya takwimu inayotafuta uhusiano kati ya namba zake. Au ile inayonitia wasiwasi zaidi: "Mwalimu, modeli imekubali, ila majibu siyaelewi."

Mwongozo huu nimeupanga kwa dalili, kwa sababu dalili ndiyo unayoiona kwanza, na dalili hazichagui fani. Niseme mapema ninachokiamini baada ya kukaa na faili nyingi za watu: tatizo mara nyingi haliko ndani ya modeli. Liko kwenye safari ya namba kabla hazijaifikia: nani alihesabu, kwa chombo gani, saa ngapi, na nani alinakili. Anayebadilisha modeli kabla ya kuikagua safari hiyo anatoa dawa kabla ya kupima damu.

Jambo moja kabla ya yote. Faili la asili lifungie, usiliguse. Fanya kazi kwenye nakala, na kila unachobadilisha kiandike kama amri ndani ya programu, si kwa kufuta na kuandika upya kwa mkono ndani ya jedwali. Bila hilo, sehemu kubwa ya ninayoyaeleza hapa chini hutaweza kuyafanya.

## Muda unatoka hasi, au sifuri

Naanza na hii kwa sababu vitabu vya takwimu vilivyoandikwa ughaibuni haviitaji, na katika data nilizozishika mimi ndiyo iliyoharibu kazi nyingi kuliko zote.

Kijana mmoja alitaka kujua kama muda wa kukaa ziwani unaeleza uzito wa dagaa wanaoletwa mwaloni. Alikuwa na safu mbili, saa ya kutoka na saa ya kurudi. Akatoa moja kwa nyingine. Boti nyingi zikapata muda wa sifuri, nyingine zikapata saa 12 hasi. Regresheni, yaani modeli inayopima jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine, ikamwambia kwamba anayekaa ziwani muda mfupi ndiye anayevua zaidi, naye akawa ameshaanza kuandika aya ya kueleza kwa nini.

Boti za dagaa hutoka jioni na kurudi asubuhi. Mvuvi akiulizwa anasema, "Tulitoka saa 12, tukarudi saa 12." Karani wa kwanza aliandika 12 na 12. Wa pili alikuwa akigeuza kichwani kwenda saa za kizungu, akaandika 18 na 6. Ukitoa unapata 12 hasi. Wa tatu aligeuza saa ya kutoka, akasahau ya kurudi: 18 na 12, yaani 6 hasi. Safari ni ileile ya saa 12, na ndani ya faili imekuwa safari tatu tofauti.

Tiba yake ni kwamba karani asigeuze kitu uwanjani. Aandike kama mtu alivyosema, pamoja na neno la wakati: alfajiri, asubuhi, mchana, jioni, usiku. Kugeuza kufanyike ofisini, mara moja, kwa kanuni moja iliyoandikwa: saa 12 asubuhi ni 06:00, saa 12 jioni ni 18:00, saa 6 usiku ni 00:00, na kuanzia hapo tarehe ya kalenda imeshabadilika. Kwa hiyo tarehe ya kurudi iwe na safu yake.

Kuna mtego mwingine ndani ya huohuo. Kwa wazee wengi, hasa upande wa Ujiji, siku huanza jua linapozama. Mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" anaweza kuwa anazungumzia usiku ambao wewe kwenye fomu ungeuandika Alhamisi. Swali salama ni: "Usiku wa kuamkia siku gani?" Nimeona utafiti ambao mawimbi ya wiki yalisogea siku moja kamili kwa nusu ya waliohojiwa kwa sababu hiyo tu.

Kama data ilishaingia na makarani wameshatawanyika, chora mchoro wa nguzo wa saa za kutoka, kila karani peke yake. Aliyegeuza na asiyegeuza watajitenga wenyewe mbele ya macho yako. Kwa wale wasioeleweka, kubali kupoteza mistari hiyo. Kubahatisha saa ni kutengeneza data.

## Sifuri zimejaa

Safu ya mavuno ina sifuri kila mahali, kisha ghafla namba kubwa mno. Unajaribu modeli ya kuhesabu yenye mgawanyo wa Poisson, unaotarajia mtawanyiko ulingane na wastani, inakuambia mtawanyiko umezidi wastani mara nyingi. Ushauri wa haraka unaopewa ni kuhamia binomia hasi, inayoruhusu mtawanyiko mkubwa zaidi, au modeli maalumu ya sifuri nyingi. Huenda ni sahihi. Lakini kwanza jiulize: sifuri hizi ni za aina ngapi?

Nilikwenda na mwanafunzi mmoja mwaloni Kibirizi, hapa Kigoma, kuuliza. Tukamkuta mzee anashona wavu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Karibuni."

Mwanafunzi akamwonyesha jedwali, siku saba mfululizo za sifuri. Mzee akaangalia tarehe, akatabasamu. "Mwanangu, hapa mwezi ulikuwa mpevu. Dagaa tunawavuta kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima, taa yangu itamwita nani? Siku hizo tunakaa nchi kavu, tunashona. Na hii hapa," akaweka kidole kwenye wiki nyingine, "hii tulivua vizuri tu. Karani wenu ndiye hakuja."

Basi zikawa sifuri za aina tatu: waliokwenda wakakosa, wasiokwenda, na wasiohesabiwa. Ya kwanza ni sifuri ya kweli. Ya pili si matokeo ya uvuvi. Ni uamuzi wa kutovua, na inahitaji safu yake. Ya tatu si sifuri kabisa. Ni pengo, na pengo liachwe wazi. Kuna na ya nne kwa wanaotumia data za miaka ya karibuni: kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti 2024 upande wetu wa Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa uvuvi. Ukiiacha miezi hiyo kama sifuri za kawaida, modeli itakuambia samaki walitoweka kisha wakafufuka.

Baada ya kuzichambua hivyo, mwanafunzi yule aliongeza safu ya umri wa mwezi angani, akahesabu kilo kwa kila boti iliyotoka badala ya kilo kwa mwezi, na binomia hasi ya kawaida ikamtosha.

Hili la kilo kwa kila boti si dogo. Ziwa letu lina mfano mkubwa wake. Mwaka 2003, mtafiti O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature hoja kwamba kuongezeka kwa joto kumepunguza kuchanganyika kwa maji ya ziwa, uzalishaji wa mimea midogo umeshuka kwa takriban asilimia 20, na samaki wangepungua kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2006, Sarvala na wenzake walijibu kwamba takwimu za mavuno zilionyesha zaidi mabadiliko ya namna watu wanavyovua kuliko mabadiliko ya hali ya hewa. Ziwa moja, wataalamu wa pande mbili, na mzozo sehemu kubwa umesimama juu ya swali lilelile: namba ya mavuno inapima samaki au inapima wavuvi? Ukiwa na data ya mavuno bila data ya juhudi, yaani boti ngapi, taa ngapi, usiku ngapi, huwezi kulijibu, hata ungekuwa na modeli ya namna gani.

## Kila kigeu kina umuhimu

Thamani za p, yaani uwezekano wa kupata matokeo kama hayo kwa bahati tu, zote ziko chini ya 0.001, kila kigeu, yaani kila safu iliyoingia kwenye modeli, kina nyota tatu za programu, na mtu anafurahi. Mimi hapo naanza kuogopa.

Swali la kwanza ninalouliza: hawa 400 ni watu 400 kweli? Chukua wanafunzi 400 kutoka shule 10, 40 kila shule. Wanafunzi wa shule moja wana mwalimu mmoja, wanatoka kijiji kimoja, wananyeshewa na paa lilelile linalovuja. Wanafanana. Kiwango cha kufanana huko hupimwa kwa namba kati ya 0 na 1. Tuseme ni 0.2. Athari yake kwa sampuli ni 1 jumlisha (40 toa 1) mara 0.2, yaani 8.8. Gawa 400 kwa 8.8: unabaki na taarifa inayolingana na wanafunzi 45 hivi. Regresheni ya kawaida ilidhani una 400, ndiyo maana ilikuwa na ujasiri wote ule.

Tumia modeli ya ngazi, mwanafunzi ndani ya shule, au angalau rekebisha makosa sanifu, yaani kipimo cha shaka iliyo kwenye jibu, kwa kundi. Na kama kigeu unachokichunguza kiko ngazi ya shule, mfano kuna chakula cha mchana au hakuna, elewa kwamba una shule 10, basi. Kuongeza wanafunzi hakutakusaidia. Ongeza shule.

Wanaofuatilia wanyama wanaangukia shimo hilohilo kwa njia nyingine. Mtu anayefuata sokwe 12 kule Gombe kwa miezi sita anaweza kurudi na maandishi 4,000. Hana sokwe 4,000. Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliieleza hitilafu hii kwa kina kwa upande wa majaribio ya ikolojia, na hadi leo naiona kwenye tasnifu za elimu, kilimo na afya.

Upande wa pili wa dalili hii ni sampuli kubwa mno. Ukiwa na mistari 200,000 ya vituo vya afya, hata tofauti isiyo na maana yoyote kwa mgonjwa itapata nyota tatu. Hapo acha p, tazama ukubwa wa tofauti yenyewe kwa kipimo cha kawaida: ni siku ngapi, ni kilo ngapi, ni shilingi ngapi.

## Modeli inajua mno

Usahihi asilimia 99. Nikisikia namba hii kwenye kazi ya ujifunzaji wa mashine, natafuta mambo matatu kwa mpangilio huu.

Kwanza, data iliyovuja. Binti mmoja aliunda modeli ya kutambua watoto wenye malaria kutokana na kumbukumbu za zahanati: umri, joto la mwili, kijiji, mwezi, na safu nyingine kama 20. Ilipatia karibu kila mtoto. Tukatoa safu moja moja. Tulipotoa ile iliyoandikwa "dawa aliyopewa", usahihi ukaporomoka. Bila shaka: aliyeandikiwa dawa mseto ni yule ambaye kipimo kilishasema ana malaria. Modeli haikutambua ugonjwa, ilisoma cheti. Kanuni ninayowapa ni kuandika kando ya kila safu, kwa kalamu, ilijulikana lini. Kinachojulikana baada ya jibu kisiingie.

Uvujaji una sura nyingine iliyojificha zaidi. Watoto wa kaya moja wakigawanywa, mmoja upande wa kufundishia na ndugu yake upande wa kupimia, modeli inaikumbuka kaya. Gawanya kwa kijiji kizima, si kwa mstari. Mwaka 2023 watafiti Kapoor na Narayanan walikusanya ushahidi wa uvujaji wa namna hizi katika nyanja 17 za sayansi, kuanzia tiba hadi siasa, kwa hiyo usione aibu ukiukuta kwako. Ukiukuta, rekebisha na useme.

Pili, usawa wa makundi. Ikiwa watu 97 kati ya 100 hawana ugonjwa, kichwa cha mbao kinachosema "hana" kwa kila mtu kinapata asilimia 97. Uliza modeli imewapata wangapi kati ya wale watatu.

Tatu, vigeu vingi kwa sampuli ndogo. Vijiji 30, vigeu 25: mstari utapita karibu na kila nukta, na kijiji cha 31 kitauumbua.

## Nukta zimeangukia Sudan Kusini

Mwenye ramani analalamika kwamba vijiji vyake havionekani. Vipo. Kigoma mjini ni takriban digrii 4.88 kusini na 29.63 mashariki. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, mji mzima unahamia upande wa Maridi, Sudan Kusini. Ukibadilishana safu, latitudo mahali pa longitudo, unaishia Sahara. Makosa haya mawili ni rahisi kwa sababu yanapiga kelele.

Linalonyamaza ni hili. Wanaotumia mita badala ya digrii wanafanya kazi kwa kanda za UTM, mfumo unaoigawa dunia vipande vya digrii 6, na mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 ni digrii 30 mashariki. Mstari huo unapita ndani ya mkoa wetu. Kigoma mjini iko kanda ya 35. Kasulu, iliyo kwenye 30.1 hivi, iko kanda ya 36, pamoja na Tabora yote. Ukiweka faili la makarani wa pande zote mbili pamoja bila kutaja kanda, modeli ya umbali itakupa kaya ya Kasulu iliyo mamia ya kilomita kutoka zahanati yake. Kama eneo lako linavuka mstari, baki na digrii hadi mwisho, au geuza zote kwenda kanda moja.

Na kama umechanganya nukta za simu na ramani za zamani za serikali, angalia msingi wa vipimo. Ramani zile nyingi zinatumia Arc 1960, simu inatumia WGS 84, na tofauti yake hapa kwetu ni kama mita 300. Kwa ramani ya mkoa si kitu. Kwa swali la nani anaishi ndani ya nusu kilomita kutoka mto, ni kila kitu.

## Mwaka 2012 kila kitu kimeporomoka Kasulu

Hakuna kilichoporomoka. Mwaka huo Buhigwe ilikatwa kutoka Kasulu, Kakonko kutoka Kibondo, Uvinza kutoka Kigoma Vijijini. Tabora nako Kaliua ilitoka Urambo. Ama uunganishe wilaya mpya na mama yake kwa miaka yote, ama ushuke ngazi ya kata na kuijenga wilaya upya. Na kata nazo hukatwa, kwa hiyo tengeneza jedwali la nani alizaliwa na nani, mwaka gani.

## Mavuno yanaruka bila sababu

Mkulima mmoja kilo 300 kwa ekari, jirani yake 2,000, udongo uleule. Kabla ya kutafuta mbolea, tafuta kipimo. Gunia la nani? Lililoshonwa sawa au lumbesa? Debe lililojazwa hadi ukingoni tu au lenye mlima juu? Sado ya mahindi na sado ya maharage hazina uzito mmoja. Na ekari: wengi huipima hatua 70 kwa 70. Ekari halisi ni mita za mraba 4,047. Hatua za mtu mrefu zinazofika mita moja zinatoa 4,900, karibu asilimia 21 zaidi. Za mtu mfupi zinaweza kushuka chini ya ekari. Mwenye hatua ndefu ataonekana mkulima hodari kwa sababu ya miguu yake.

Nenda sokoni na mizani. Pima madebe 10 ya watu 10, andika wastani na tofauti, na mashamba machache yapime kwa simu huku mwenye shamba akitembea mipaka. Hiyo ni kazi ya siku mbili, na inatibu kisichotibika kwa modeli yoyote. Umri nao una tabia yake: ukichora umri wa waliohojiwa ukakuta minara kwenye 40, 45, 50, 60, watu wamekadiria. Tumia makundi ya miaka mitano yanayoweka namba hizo katikati, au uliza kwa matukio wanayoyakumbuka.

## Watu wawili, namba moja ya kitambulisho

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel huhifadhi tarakimu 15 tu za namba. Tano za mwisho inazifanya sifuri, kimyakimya. Watu waliozaliwa siku moja wakaandikishwa eneo moja wanaweza kuwa mtu mmoja, na ukiunganisha mafaili wanachanganyika. Safu hiyo iwekwe kuwa maandishi kabla ya kuingiza chochote. Bora zaidi, usiikusanye kabisa: mpe kila mtu namba yako ya utafiti, na orodha inayounganisha ikae imefungwa mahali pengine.

Jedwali lina mipaka mingine pia. Uingereza, mwaka 2020, visa 15,841 vya Uviko-19 vilichelewa kuripotiwa kwa sababu muundo wa zamani wa Excel unaishia mstari wa 65,536. Hesabu mistari kabla na baada ya kila hatua.

## Imegoma kweli

Modeli inazunguka haifikii jibu, au inaleta kosa sanifu la maelfu na uwiano wa uwezekano wa mamilioni. Sababu ninazozikuta:

Utengano kamili. Kwenye kaya 90, wote 9 wenye boti ya injini hawakukosa chakula hata mmoja. Regresheni ya lojistiki, ile ya majibu ya ndiyo au hapana, inataka kusema athari ya boti haina mwisho, na inaendelea kuukimbilia huo usio mwisho. Njia ya mtakwimu Firth ya 1993 inaizuia. Lakini pia unaweza kuandika jedwali lenyewe, 9 kwa 9, msomaji akaona.

Vigeu pacha, kama umri na mwaka wa kuzaliwa kwa pamoja. Toa kimoja.

Mizani tofauti mno: mapato kwa shilingi, mamilioni, kando ya uwiano wa 0 hadi 1. Gawa mapato kwa 100,000 na mara nyingi inatulia.

## Jibu linabadilika kila ukiirudia

Kama modeli inatumia bahati nasibu ndani yake, weka mbegu, yaani namba ya kuanzishia bahati nasibu hiyo; kwenye programu ya takwimu ya R ni amri ya set.seed mwanzoni. Kama umeweka na bado jibu ni tofauti kwenye kompyuta ya msimamizi wako, linganisha matoleo ya programu: R ilibadilisha namna yake ya kuchagua sampuli kwenye toleo la 3.6.0 la 2019, kwa hiyo mbegu ileile inatoa watu wengine. Kisha jaribu mbegu 20. Ikiwa hitimisho lako linapinduka na mbegu, huna hitimisho bado.

## Kwao ilifanya kazi

Modeli imetoka Zanzibar au ng'ambo, imechapishwa, imesifiwa, na hapa inakosea. Ugonjwa ukiwa umeenea au ukiwa nadra, maana ya jibu hubadilika. Chukua modeli inayopata wagonjwa 90 kati ya 100 na wazima 90 kati ya 100. Penye mgonjwa 1 kwa 100, kati ya watu 1,000 itawaita wagonjwa 108, na wa kweli ni 9. Utafiti wa kitaifa wa 2017 ulikuta watoto wadogo wenye malaria Kigoma karibu 24 kwa 100, wakati nchi nzima ilikuwa karibu 7. Penye 24, modeli ileile inaita 292, wa kweli 216. Programu haijabadilika hata herufi moja. Kwa hiyo ipime upya kwa data za hapa kabla hujaiamini.

Modeli za hali ya hewa nazo zina tatizo la ukubwa wa kisanduku. Ikiwa kisanduku ni kilomita 100, kinameza upana wote wa ziwa, ambao kwa wastani ni kilomita 50, pamoja na milima inayopanda kutoka mita 770 hivi ufukweni hadi zaidi ya 1,500 juu ya Gombe. Joto la kisanduku hicho si la ufukweni wala la mlimani. Mkulima hawezi kupanda kwa kulitegemea.

## Vitu viwili vinapanda pamoja

Maji ya ziwa yamepanda miaka hii, hata yakafunika sehemu za ufukwe ambazo watu walikuwa wamejenga. Simu nazo zimeongezeka, na bodaboda, na wanafunzi wa sekondari. Ukipanga chochote kinachokua kwa miaka kando ya kingine kinachokua, utapata uhusiano mkubwa. Mtakwimu Udny Yule alilionyesha mwaka 1926 kwa ndoa za Kanisa la Uingereza na vifo: uhusiano wa 0.95 kati ya vitu visivyojuana. Angalia mabadiliko ya mwaka hadi mwaka badala ya viwango. Kama uhusiano unayeyuka, haukuwepo.

## Ukija kwa mtu akusaidie

Njoo na faili la asili, si lile ulilosafisha. Njoo na dodoso tupu, lenye maswali kwa Kiswahili kama yalivyoulizwa, na kama yaliulizwa kwa Kiha, useme nani alitafsiri. Njoo na amri zako zote kwa mpangilio, hata zilizoshindwa. Swali lako la utafiti liandike kwa sentensi moja isiyo na jina la modeli ndani yake. Na njoo na namba ya simu ya karani aliyekusanya, maana mara nyingi ndiyo tunayoipiga kwanza.